Je, Aliyepata Nafuu Aache Dawa?

Ndugu msomaji, uko ugonjwa wa akili ambao humpandisha mtu kisha humshusha. Anapopandishwa hulala saa mbili au tatu tu wala hachoki, maneno humtoka kwa kasi, na fedha huzitumia ovyo. Anaposhushwa hushindwa hata kuondoka kitandani, na huenda akatamani kufa. Siku hizi huitwa baipola. Mara nyingi huanza katika ujana, wakati mtu yuko masomoni.

Yapasa ijulikane ya kuwa huo si uvivu, wala si upungufu wa imani, wala mgonjwa hakupagawa na jini. Ni maradhi, na dawa zake zipo. Mwaka 1949 Daktari John Cade wa Australia alitangaza ya kuwa chumvi ya lithiamu huwatuliza waliopandishwa, na hata leo yatumika.

Lakini wako wanafunzi wasemao: "Nimekwisha pona, dawa ya nini tena?" Jibu ni hili: nafuu hiyo yaweza kuwa ndiyo kazi ya dawa yenyewe. Profesa Kay Redfield Jamison wa Marekani ni mtaalamu wa ugonjwa huu, na yeye mwenyewe anao. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 alikiri ya kuwa aliiacha lithiamu zaidi ya mara moja, na maradhi yakamrudia. Ikiwa mwalimu alidanganyika, sembuse mwanafunzi?

Basi wewe uliye chuoni, shika mambo haya. Kwanza, usikeshe kwa ajili ya mtihani, kwani kukosa usingizi huweza kuyaamsha maradhi. Pili, mweleze rafiki mwaminifu dalili zako, maana aliyepandishwa hajioni. Tatu, ukitumia lithiamu, damu yako ipimwe kwa wakati wake. Ikizidi mwilini ni sumu, na upungufu wa maji huizidisha. Kwa hiyo Ramadhani ikikaribia, muulize daktari kabla ya kufunga. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na kuipokea ruhusa hiyo si aibu. Nne, wazo la kujiua likikujia, usikae peke yako. Mwambie mtu saa ile ile, na uende hospitali.

Omba dua, na dawa usiiache bila shauri la daktari. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wote. Amin.