Dondoo muhimu: Iandae nyumba yako kabla ya kumwita dalali

Unauza nyumba Bariadi, Maswa au kwingineko Simiyu? Mnunuzi huanza kukadiria bei akiwa bado getini. Zingatia haya:

• Chagua msimu. Ununuzi wa pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, na hapo fedha huanza kuzunguka mkoani. Maliza matengenezo kabla.

• Tengeneza kwanza, pamba baadaye. Koki inayovuja, kitasa kibovu na taa iliyoungua humfanya mnunuzi ashuku mengine asiyoyaona.

• Usifiche nyufa kwa rangi. Udongo wa mbuga hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, hivyo kuta hupasuka. Mwite fundi, kisha mweleze mnunuzi kilichofanyika.

• Punguza vitu. Magunia, baiskeli na makochi ya ziada yahamishie kwa ndugu. Picha za familia ziondoe ukutani.

• Paka rangi nyeupe au ya maziwa. Kiangazi kina vumbi; futa madirisha na feni asubuhi ya ugeni.

• Nyumba tupu? Azima au kodi kochi, meza na kitanda, ukubwa wa vyumba uonekane.

• Piga picha mchana, mapazia yakiwa wazi. Onyesha pia tenki la maji, choo na njia ya gari.

• Weka nyaraka tayari. Kwa nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wako.

Mapambo humvuta mnunuzi. Hati safi ndiyo inayomfanya alipe.