Fahamu Ugonjwa wa Ngozi ya Magamba

Kila siku ngozi ya binadamu huangusha seli zilizokufa kidogo kidogo, bila mtu kuona. Kwa mwenye ugonjwa wa ikthiosisi, seli hizo hung'ang'ania juu ya ngozi na kurundikana. Ngozi hupoteza maji upesi, hukauka na kupasuka mfano wa magamba ya samaki. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya samaki.

Hupatikana vipi?

Aina nyingi za ugonjwa huu hurithiwa. Katika aina ya kawaida zaidi, mzazi mwenye nakala moja ya jeni yenye hitilafu anaweza kumrithisha mtoto, na uwezekano ni nusu kwa nusu katika kila mimba. Mtoto anayeirithi kwa wazazi wote wawili huathirika zaidi. Aina nyingine huwapata wavulana, takriban 1 kati ya 2,000 hadi 6,000. Jeni yake hutoka kwa mama ambaye mara nyingi ngozi yake haina tatizo lolote.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kusalimiana, kuvaa nguo za mgonjwa wala kula naye sahani moja. Si laana, si uchafu, na si kosa la mama.

Dalili

Aina ya kawaida huanza kuonekana utotoni. Magamba madogo hutokea zaidi kwenye miguu na mikono, huku mikunjo ya viwiko na magoti ikibaki laini. Viganja huwa na mistari mingi. Hali huzidi msimu wa baridi na ukavu, na hupungua hewa ikiwa na unyevu. Baadhi ya wagonjwa pia huwa na ukurutu au pumu.

Mtoto akizaliwa amefunikwa na utando mkavu unaong'aa kama nailoni, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali mara moja.

Matibabu

Ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza kabisa, lakini unadhibitiwa kwa utunzaji wa kila siku:

• Oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Sugua taratibu kwa kitambaa laini.
• Jifute kidogo tu, kisha jipake mafuta mazito, kama petroliamu jeli, ngozi ikiwa bado na unyevu. Rudia angalau mara mbili kwa siku.
• Krimu yenye urea husaidia kulainisha magamba. Krimu yenye asidi ya salisiliki isitumiwe kwa watoto wadogo bila ushauri wa daktari, kwani huweza kuingia mwilini na kuwadhuru.
• Aina kali huhitaji vidonge vinavyotolewa na daktari wa ngozi. Baadhi ya vidonge hivyo hulemaza mtoto tumboni, hivyo mwanamke lazima amweleze daktari ikiwa ana mimba au anapanga kuipata.

Tahadhari: nguo na shuka zilizolowa mafuta hushika moto upesi. Mgonjwa akae mbali na jiko na koroboi.

Dawa za choa haziondoi magamba haya. Krimu za kujichubua na zile zenye steroidi zinazouzwa kiholela huweza kudhoofisha ngozi zaidi.

Shuleni

Wagonjwa wengine hawatoi jasho vizuri, hivyo joto la mwili hupanda haraka. Walimu wanaombwa kumruhusu mtoto kupumzika kivulini wakati wa michezo, kunywa maji na kujipoza kwa kitambaa chenye maji. Asitengwe darasani wala kurudishwa nyumbani eti ataambukiza wenzake.

Wakazi wenye dalili hizi wanahimizwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili wachunguzwe na, inapobidi, waelekezwe kwenye kliniki ya ngozi. Ngozi ikivimba, ikitoa usaha au mgonjwa akipata homa, asisubiri.