Maski ya Nywele na Kazi Yake

Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutamaliza mitihani na kurudi makwetu, na jambo linalozungumzwa sana mabwenini siku hizi ni nywele. Katika shule nyingi za serikali wanafunzi hutakiwa kukata nywele ziwe fupi, basi wasichana wengi wataanza kuzifuga baada ya miaka minne. Kila mmoja ana shauri lake. Huyu asema yai, yule asema parachichi, mwingine amekwisha weka fedha akanunue kopo la dukani lenye maandishi makubwa. Nimeona yafaa kuandika habari hii kabla fedha hizo hazijatumika, na wazazi nao wasome, kwa maana fedha zenyewe ni zao.

Maski ya nywele ni mchanganyiko mzito unaopakwa nywele zikiwa zimekwisha oshwa, ukaachwa kwa muda wa nusu saa hivi, kisha ukasuuzwa. Saluni huongeza mvuke wa moto, na kazi hiyo huiita stimingi.

Sasa yatupasa kujua unywele ni kitu gani. Sehemu tunayoiona juu ya ngozi haina uhai, ndiyo sababu kuikata hakuumi. Imefanyika kwa protini iitwayo keratini, ile ile iliyo katika kucha zetu na katika kwato za ng'ombe, na nje imefunikwa na magamba madogo mno yaliyolaliana kama ya samaki. Sehemu iliyo hai ni shina lililo ndani ya ngozi, nalo hulishwa na damu. Twaweza kuliona jambo hili kwa mtoto aliyepatwa na utapiamlo mkali uitwao kwashakoo. Nywele zake hupauka, huwa nyembamba na kung'oka upesi, wala hazirudii hali yake kwa kupakwa kitu, bali kwa matibabu na chakula.

Kwa hiyo kopo linalojigamba ya kwamba linalisha nywele lasema neno lisilowezekana. Yai lina protini, ni kweli, lakini chembe za protini hiyo ni kubwa mno kupenya ndani ya unywele. Hubaki juu tu, na mtu akisuuza kwa maji ya moto yai huiva papo hapo kichwani, naye atashinda akichambua vipande. Yai na liliwe. Hata maharage yetu ya kila siku, ambayo wengi huyanung'unikia, huzifaa nywele kuliko yai la kupaka.

Je, maski haina kazi? Inayo, tena kubwa kwa nywele kama zetu. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, lakini nywele zilizojisokota hazipitishi mafuta hayo kwa urahisi mpaka nchani, na kila penye kona unywele ni dhaifu. Ongeza na kiangazi chetu cha huku Mpanda, tangu Mei hata Oktoba, chenye vumbi na hewa kavu. Wapo wasemao, "Nywele zangu haziongezeki." Huenda zaota vizuri tu, kiasi cha sentimeta moja hivi kwa mwezi, lakini zakatika nchani kwa kasi ile ile. Hapo ndipo maski inaposaidia. Hulainisha, hupunguza msuguano wa kitana, na nywele zilizopo hukaa.

Juu ya mafuta, mwaka 2003 wanasayansi wa India, Rele na Mohile, walitoa matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza sana protini inayopotea katika nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake. Asidi ya lauriki iliyomo ndani yake ina chembe ndogo zilizonyooka, nazo hupenya. Taabu ni kwamba minazi iko pwani, na sisi tuko mbali nayo. Alizeti hailingani na nazi kwa kupenya, lakini huteleza vizuri juu ya magamba, nayo hupatikana kwa urahisi. Mafuta ya nyonyo ni mazito kama gundi, yachanganywe na mengine. Na mtu asithubutu kutafuna mbegu zake, kwa sababu zina sumu kali. Mawese kutoka ziwani yana rangi, na mwenye shati jeupe la shule ataijutia rangi hiyo.

Asali tunayo sisi kuliko wengi, maana ile ya Inyonga yasifiwa mbali. Asali huvuta maji na kuyashika, kwa hiyo yafaa kwa nywele kavu, lakini isipakwe peke yake kwa kuwa hunata na kung'oa nywele wakati wa kuchana. Chukua kijiko kimoja cha asali, viwili vya mafuta ya nazi au alizeti, na kimoja cha maji ya uvuguvugu, ukoroge. Paka nywele zikiwa bado na unyevu, ukianzia nchani. Funga kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kiwe na joto la kuvumilika. Baada ya dakika ishirini au thelathini suuza mpaka utelezi wa asali uishe. Usilale nayo, sisimizi hawana adabu. Mara moja kwa majuma mawili yatosha, hasa mahali ambapo maji hubebwa kwa ndoo.

Kuna mambo mawili ambayo maski haiyawezi, nayo ni mazito. La kwanza ni maradhi ya ngozi. Mapunye huletwa na kuvu, nao huingia katika mashina ya nywele ambako dawa ya kupaka haifiki vya kutosha. Mgonjwa huhitaji vidonge vya hospitali kwa majuma kadhaa. Kumpaka mdogo wako asali na mafuta wakati ana mapunye ni kumpa nafasi ya kuwaambukiza wenzake kwa kitana na mashine ya kunyolea. Mwenye mba naye asisugue mafuta katika ngozi, kwa maana vijidudu vya mba hula mafuta hayo.

La pili ni dawa za kunyoosha nywele. Nyingine hutengenezwa kwa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Huvunja vifungo vya salfa ndani ya unywele, na vikivunjika hivyo maski ya mafuta na asali haiviungi tena, ijapokuwa saluni huahidi. Tena mwaka 2022 watafiti wa Marekani, waliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11, walitangaza ya kwamba waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya maradufu ya wasiotumia. Hilo halithibitishi ya kuwa dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa, lakini mimi kwa upande wangu limenitosha kungoja.

Nasi tukihesabu, tangu mwisho wa Novemba hata mwisho wa Machi nywele zetu zitakuwa zimeota sentimeta nne hivi. Kwa kichwa cha namna hiyo mchanganyiko wa vijiko vichache huenea na kubaki, na kopo kubwa laweza kukaa dukani.