Nchi Ikiwaka, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Anaweza Nini?

Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa rais wa Kenya, Soko la Toi lilikuwa limebaki majivu, na reli inayopita mtaa wa Kibera jijini Nairobi ilikuwa imeng'olewa. Kutoka Kianda hadi Laini Saba, jirani alimwogopa jirani. Ofisi za Umoja wa Mataifa ziko Gigiri, jiji hilihili. Basi ni haki mwananchi kuuliza: mkubwa wao kazi yake ni nini siku kama hizo?

Asichokuwa nacho

Katibu Mkuu hana jeshi. Walinda amani hutumwa kwa idhini ya Baraza la Usalama lenye wanachama 15, na 5 kati yao wana kura ya turufu. Baraza hilo humpendekeza, Baraza Kuu likamteua.

Alichonacho

Kwanza, sauti. Kifungu cha 99 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinampa ruhusa ya kulipelekea Baraza la Usalama jambo lolote analoona linahatarisha amani ya dunia.

Pili, usuluhishi. Kifungu cha 100 kinamkataza kupokea maagizo ya serikali yoyote, ndiyo maana mahasimu wanaweza kumwamini.

Tatu, mashirika yaliyo chini ya mwavuli wake huleta chakula, mahema na dawa.

Kenya ilivyosuluhishwa

Kofi Annan alifika Nairobi tarehe 22 Januari 2008. Ukatibu Mkuu alikuwa ameuacha mwisho wa 2006. Safari hii alitumwa na Umoja wa Afrika, pamoja na Benjamin Mkapa na Graça Machel. Tarehe 1 Februari alikuja Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa wakati huo. Hakutandika mkeka wake. Aliunga mkono jopo la Annan. Hapo pana somo kubwa: wasuluhishi wakiwa wengi, kila upande humkimbilia anayeupendelea. Meza ikiwa moja, hakuna pa kukwepea.

Tarehe 28 Februari Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia saini mapatano ya kugawana madaraka. Lakini watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameshakufa.

Wewe wa Kianda ufanye nini?

Usuluhishi wa wakubwa huchukua wiki. Moto wa mlangoni hausubiri.

- Hatari ikitokea, piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu ni 1199, ukatili wa kijinsia 1195, watoto 116.
- Ukipokea uvumi kwenye simu, usiusambaze. Thibitisha kwanza kwa mtu aliye pale pale.
- Andika ulichokiona: tarehe, saa, mahali. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilijenga ripoti yake ya 2008 kwa ushahidi wa watu, wakiwemo wananchi wa kawaida.
- Uchochezi wa kikabila uripoti kwa Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano, iliyozaliwa na mapatano yale.

Mgeni mwenye heshima anaweza kuwaketisha wakubwa mezani. Kumfungulia jirani mlango usiku wa ghasia ni kazi yetu, na haihitaji idhini ya New York.