SOMO: KUCHAGUA DARUBINI YA USIKU

Ndugu Katibu, fedha ya chama ni jasho la wanachama. Kabla ya kuipeleka dukani Kariakoo, kamati na ielewe kwanza aina tatu za darubini hizi.

1. Inayokuza mwanga. Hukusanya mwanga hafifu wa mwezi na nyota na kuuongeza nguvu. Ndani ya ghala lenye giza totoro haioni kitu, na taa kali za mjini huitia kiwi.

2. Ya dijitali. Hutoa miale yake isiyoonekana kwa jicho, hivyo huona hata gizani kabisa; lakini humaliza betri upesi.

3. Inayopima joto. Humfichua mtu au nguruwe mwitu pasipo mwanga wowote. Hata hivyo haioni kupitia kioo cha dirisha, wala haionyeshi sura ya mtu waziwazi.

Basi, mlinzi wa ghala anayetakiwa kumtambua mtu atafaidika na aina ya pili. Alindaye shamba kubwa, ya tatu.

Msiijaribu darubini dukani penye mwanga. Ombeni chumba chenye giza, kisha mdai stakabadhi.

Wawindaji wakumbuke: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hutaka leseni, na kumiliki darubini si ruhusa ya kuwinda usiku. Muulizeni kwanza Ofisa Wanyamapori.

Maswali ya kujadili:
(a) Mlinzi wenu anahitaji kuona umbali gani?
(b) Nani atanunua betri kila mwezi?
(c) Je, taa moja mlangoni haitoshi?