Nani Atamrudisha Mgonjwa Nyumbani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Masahaba zake wote.

Mwaka huu tumechagua kuzungumzia jambo lililotugusa wenyewe hapa madrasani, nalo ni namna ya kumsaidia ndugu yetu anayekwenda hospitali kufanyiwa upasuaji. Huenda msomaji akauliza, hili nalo ni somo la madrasa? Ndiyo, na mlango wake, kama tutakavyoona Inshaallah, ni mlango wa fiqhi.

YALIYOTUKUTA

Tunayaeleza haya kwa idhini ya mwenyewe. Mama mmoja mjane, ambaye watoto wake wawili wanasoma hapa chuoni, aliambiwa na daktari kuwa hana budi kupasuliwa tumbo. Mama huyu anaishi nje ya mji wetu wa Tanga, upande wa barabara ya Pangani. Habari ilipotangazwa baada ya sala ya Ijumaa, kila mtu alisema neno. Huyu alisema gari lake lipo, yule akasema mambo ya chakula tumwachie yeye. Tukarudi majumbani tumefurahi, tukiona kazi imekwisha.

Upasuaji ulikwenda salama, Alhamdulillah. Jioni ya kwanza wageni 11 walikizunguka kitanda chake mpaka muuguzi akatutoa. Vyakula vililetwa vya watu watano, na mgonjwa alikuwa hajaruhusiwa kula hata kijiko cha uji.

Siku ya nne akaruhusiwa kurudi nyumbani. Kufika saa 4 asubuhi alikuwa amekwisha vaa, amekaa kwenye benchi nje ya wodi na mfuko wake wa nguo, pamoja na binti yake wa miaka 12. Ikaingia Adhuhuri, hakuna aliyekuja. Ikaingia Alasiri, hakuna aliyekuja. Kupiga simu aliona haya, maana aliona watu wamekwisha mfanyia mengi. Mwisho akachukua Bajaji mpaka stendi, akapanda daladala na mshono wake, na sehemu ya njia akasimama kwa kukosa nafasi.

Usiku ule tulipopata habari tuliulizana. Mwenye gari wa kwanza alidhani wa pili amekwenda. Wa pili alidhani wa tatu ndiye aliyepangwa. Wa tatu alikuwa akingoja aambiwe. Magari matatu yalikuwepo, na mafuta yalikuwemo. Hakuna aliyesema uongo wala aliyekuwa bakhili, na hospitali haikukosea kitu. Kosa lilikuwa letu sisi.

Mama yule hakulalamika. Lakini wiki ile darasani tulikuwa tukisomesha fardhi kifaya, kwa mfano wake wa kawaida wa kuosha na kuzika maiti. Binti yake akanyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, je, kama kila mtu akidhani wenzake wamekwisha mzika?" Darasa zima likanyamaza. Sote tulijua anauliza nini.

FARDHI KIFAYA NI NINI HASA?

Wanafunzi wetu wanajua kwamba fardhi ziko za aina mbili. Fardhi ayn ni ile iliyo juu ya kila mtu peke yake, kama sala tano. Fardhi kifaya ni ile iliyo juu ya Waislamu kwa pamoja. Wakiitekeleza baadhi yao, wengine wamesalimika, na wakiiacha wote hali wanaijua na wanaiweza, lawama ni ya wote. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wameingiza humo pia kuwaondolea Waislamu dhara, kama kumlisha mwenye njaa na kumvisha asiye na nguo, kwa wale wenye uwezo. Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim, kwamba kumtembelea mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake.

Wengi wetu hushika nusu moja tu ya hukumu hii, ile ya "wengine wamesalimika". Tunasahau kwamba kwanza wawepo waliofanya. Kujua kwa dalili kuwa kazi imefanyika ni jambo moja, na dhana ya mtu ambaye hata hakuuliza ni jambo jingine. Hatusemi hapa nani alipata dhambi siku ile, hilo tunamwachia Allah. Tunasema tu kwamba nia zilikuwa nyingi, na mgonjwa alirudi kwa daladala.

MFANO WA HIJRA

Tutazame alivyosafiri Mtume wetu (s.a.w.) kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622. Hakuna aliyekuwa na tawakkul kubwa kuliko yake, na juu ya hivyo kila kazi katika safari ile ilikuwa na mtu wake. Sayyidna Ali (r.a.) alilala kitandani kwa Mtume na akabaki nyuma kurudisha amana za watu. Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa amekwisha waandaa ngamia wawili tangu mapema. Asmaa binti yake alitayarisha chakula, akapasua mshipi wake ili akifunge. Abdullah, mtoto wa Abubakar, alishinda mjini akisikiliza habari, na usiku akazipeleka pangoni Thawr. Amir bin Fuhayra alipitisha mbuzi wake huko ili wapate maziwa. Na Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo hakuwa Muislamu, aliajiriwa kuonyesha njia, akapewa miadi ya kuleta ngamia baada ya siku tatu, naye akaja.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeambiwa "tutasaidiana" kisha akaachwa. Kila mmoja alijua kazi yake, mahali pake na wakati wake. Hii ndiyo maana ya kusaidiana katika wema, jambo tuliloamrishwa katika Suratul Maida, aya ya 2.

DAFTARI LETU

Miezi michache baadaye, mzee mmoja wa jamaa zetu naye akatakiwa kupasuliwa. Ugonjwa wake hatuutaji, kwa kuwa mwenyewe aliomba usitajwe. Safari hii tulinunua daftari, tukafanya kama ifuatavyo.

1. Msimamizi awe mmoja. Huyu ndiye anayeshika daftari, na kila anayetaka kusaidia huanzia kwake. Mgonjwa akiwa mwanamke, msimamizi awe mwanamke. Kazi yake ya kwanza ni kumuuliza mgonjwa anataka kusaidiwa nini, na ni habari gani zitangazwe na zipi zifichwe. Ugonjwa wa mtu ni siri yake.

2. Hospitali iulizwe mapema. Afike siku gani na saa ngapi? Mwisho wa kula na kunywa ni lini? Damu inahitajika? Malipo au kadi ya bima vikoje? Saa za kutazama wagonjwa ni zipi, na nani anaruhusiwa kulala naye? Majibu yote yaandikwe.

Hapa tuzingatie jambo la kula. Anayepewa dawa ya usingizi, ile watu wanayoiita nusu kaputi, hutakiwa awe na tumbo tupu, kwa sababu akiwa amelala vilivyomo tumboni vinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa kawaida chakula huachwa si chini ya saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, lakini linalofuatwa ni agizo la hospitali yenyewe. Kikombe cha chai ya maziwa kilichotolewa kwa huruma alfajiri chaweza kuahirisha upasuaji mzima.

3. Kila safari iwe na majina mawili. Ziko safari zisizopungua tatu: ya kwenda, ya kurudi, na ya kurudi tena kutazamwa mshono. Mbele ya kila safari tuliandika mwenye gari, na chini yake mwenye gari wa akiba, pamoja na namba zao za simu. Dereva akifika humpigia msimamizi na kusema "nimefika". Asipopiga, msimamizi hamngoji, humwita wa pili. Asiye na gari anaweza kuchangia mafuta au nauli ya Bajaji, na hilo nalo liandikwe. Aliyepewa nusu kaputi asiendeshe chombo chochote kwa muda wa saa 24, na usiku ule wa kwanza asiachwe bila mtu mzima karibu naye.

4. Damu itafutwe kabla. Kwa taratibu za hapa Tanzania, mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume huweza kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Mchangiaji aende akiwa amekula na amekunywa maji, basi mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi achague siku nyingine.

5. Chakula na wageni viwe kwa zamu. Nyumba moja ilete chakula siku moja, baada ya kumuuliza muuguzi mgonjwa ameruhusiwa kula nini. Wageni waingie wawili wawili, wanawe mikono, wasikae kitako kirefu, na wasisimulie habari za fulani aliyepasuliwa akafa. Anayekaa naye amsaidie pia kwa sala, kwa kumletea maji ya udhu au udongo wa kutayamamu. Akiwa na bendeji na hajui afanyeje, aulizwe Ustadhi, sala isiachwe kwa kutojua.

6. Nyumbani kusisahauliwe. Aliyepasuliwa tumbo hukatazwa kubeba vitu vizito kwa wiki kadhaa, kadiri daktari atakavyomwambia. Sasa nani atateka maji? Nani atawaamsha watoto waende chuoni? Wageni hujaa siku ya kwanza, na kazi huwa nyingi zaidi wiki ya pili, wakati mlango haubishwi tena hodi. Zamu za daftari letu zilifika siku ya 30.

WANAFUNZI NAO WANA KAZI

Enyi wanafunzi, msiseme haya ni mambo ya wakubwa. Damu hamwezi kutoa mpaka mtimize umri, na gari hamna. Lakini mnaweza kujaza mitungi ya maji, kufagia ua, kulisha kuku, kumpitia mtoto wa mgonjwa njiani muende naye chuoni, na kumwombea dua. Wanafunzi wanane waliandika majina yao katika daftari la mzee wetu. Mmoja wao, mwenye miaka 10, alijiandikisha kuwasha taa ya barazani kila Magharibi, na hakukosa hata siku moja.

MATOKEO YAKE

Siku ya upasuaji wa mzee, dereva wa kwanza alipata pancha saa 11 alfajiri. Msimamizi alipoona simu ya "nimefika" haiji, alimpigia wa pili, na mzee akafika hospitali kabla ya saa aliyopangiwa. Siku ya kurudi, gari lilikuwa nje kabla hajamaliza kufunga mfuko wake. Hakukaa kwenye benchi.

Daftari lile sasa linatunzwa na yule mama mjane. Tulipomwomba kazi hiyo tulimwomba na radhi pia, akatusamehe. Alitupa sharti moja tu, kwamba mtu asiandikwe jina mpaka aseme mwenyewe siku na saa. Asemaye "nitasaidia Inshaallah" bila siku, yeye huweka kalamu chini na kungoja.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awaponye wagonjwa wetu wote, awalipe kheri madaktari na wauguzi wanaokesha nao, na atujaalie tuwe katika watu ambao ahadi zao hufika mlangoni kwa mwenye haja. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya fardhi ayn na fardhi kifaya, na utoe mfano wa kila moja.
2. Taja watu watano waliosaidia katika safari ya Hijra na kazi ya kila mmoja.
3. Kwa nini mgonjwa anayekwenda kupewa dawa ya usingizi haruhusiwi kula?
4. Muulize mzazi wako: katika mtaa wetu, nani ni mgonjwa sasa, na nani ameandikiwa kumrudisha nyumbani?

Wabillahi tawfiq.