Mavazi na Maakuli Melini: Maswali ya Wasomaji wa Rombo na Kajiado Yajibiwa

Wazee kadhaa wa Rombo, na wenzao wa Kitengela na Kajiado mjini, wamejaaliwa watoto waliolowea ng'ambo, na watoto hao sasa huwaalika wazazi wao katika safari za meli za kitalii. Na kwa upande wa pili, vijana wa kaunti hii hii ya Kajiado huzipanda meli hizo kwa mlango wa watumishi, wakaenda kutandika vitanda na kuhudumia meza. Makundi haya mawili yameniletea maswali yanayofanana, nami niliyetumika katika kumbi za kulia za melini kabla ya kustaafu na kurejea shambani kwangu Rombo, nimeyakusanya yale yaliyo muhimu nikayajibu kwa kadiri ya ujuzi wangu.

Swali: Abiria amekwisha kulipa nauli yake, naye yuko likizoni. Kwa nini aamrishwe nguo ya kuvaa? (Msomaji, Kitengela)

Jibu: Amri hiyo ni urithi wa zama ambazo meli ilikuwa chombo cha kwendea kazini na kurudia nyumbani, wala si mahali pa kustarehe tu. Kampuni ya British India Steam Navigation ilipoziingiza baharini meli mbili ndugu, Kenya mwaka 1951 na Uganda mwaka 1952, zikisafiri kutoka London kupitia Suez na Aden hadi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Beira, kila moja ilichukua abiria wapatao 300 waliogawanywa katika daraja la kwanza na daraja la watalii, kila daraja na ukumbi wake wa kulia, huku wahudumu wa Kigoa waliovaa nguo nyeupe wakizunguka mezani. Katika daraja la kwanza, jioni ikiingia, mabwana walivaa koti jeusi na tai ya kipepeo, na mabibi gauni refu, kama walivyofanya katika majumba yao ya bara.

Lakini katika njia ya Bombay, ambako kampuni hiyo hiyo iliendesha meli za Kampala na Karanja, zilizoundwa mara baada ya vita vikuu vya pili, walikuwako pia abiria wa sitahani, mafundi na wachuuzi na jamaa zao, waliotandika mikeka na magodoro yao palipopatikana nafasi. Na hao hakuna aliyewauliza habari ya tai. Kwa hiyo, ndugu yangu, mavazi ya jioni yalikuwa mpaka uliochorwa kwa kitambaa baina ya aliyetakiwa kuingia ukumbini na asiyetakiwa, na adabu ilitajwa ili mpaka huo usionekane kuwa ni ubaguzi.

Swali: Je, ni kweli kwamba watu wa zamani walivaa makoti mazito kila usiku, hata katika joto la Bahari ya Shamu? (Mwalimu mstaafu, Loitokitok)

Jibu: La, mwalimu. Wanaosikitikia ukali wa zamani husahau kwamba ukali wenyewe ulikuwa na ruhusa zake. Usiku wa kwanza wa safari na usiku wa mwisho, kwa ada ya meli hizo, mtu hakulazimika kubadili nguo, kwa sababu usiku wa kwanza masanduku yalikuwa hayajafunguliwa, na usiku wa mwisho yalikuwa yamekwisha kufungwa. Kadhalika meli zilipoingia katika maji ya Bahari ya Shamu, maofisa waliruhusiwa kuvua koti wakabaki na shati jeupe la mikono mifupi, shingo wazi, na mshipi mpana wa kitambaa kiunoni, na vazi hilo likahesabiwa kuwa rasmi kamili, hata likapewa jina la bahari hiyo. Basi mabadiliko tunayoyaona leo hayakuanza kwa vijana wa siku hizi. Joto liliwashinda hata wale walioitunga sheria.

Swali: Ni mambo gani hasa yaliyobadilika katika miaka yetu hii? (Msomaji, Kajiado mjini)

Jibu: Mfereji wa Suez ulipofungwa mwaka 1967, na ndege zikiwa zimekwisha kuwanyang'anya wenye meli abiria wao, safari zile za zamani zilififia: Uganda ikageuzwa meli ya kusomeshea wanafunzi, na Kenya ikauzwa ikavunjwe mwaka 1969. Meli zilizokuja badala yake ziliuza starehe, na mwenye kuuza starehe hawezi kumkaripia mnunuzi muda mrefu. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilitangaza kwamba abiria atakula saa aitakayo, na mtu amtakaye, wala hatalazimishwa vazi rasmi. Na meli moja ya kampuni hiyo, Norwegian Dawn, wenyeji wa Mombasa wamepata kuiona ikifunga gatini mwao. Mwaka 2015 Celebrity Cruises nayo iliziondoa zile jioni za vazi rasmi, ikaweka jioni za kuvaa vizuri tu, kila mtu kwa ladha yake.

Sababu ni wazi: abiria wengi huifikia meli kwa ndege, na shirika la ndege humpimia mzigo wake kwa kilo, naye akichagua baina ya suti nzito na nguo za wajukuu, suti hubaki nyumbani, tena wasafiri wamekuwa vijana zaidi, na wengi husafiri na watoto. Ila kampuni ya Cunard ingali inashikilia jioni zake za dhifa, ambazo kuanzia saa kumi na mbili mwanamume hutakiwa avae koti jeusi la jioni au suti nyeusi na tai, na asiyetaka hutengewa kumbi nyingine za kukaa na kula.

Lakini msomaji asidhani kwamba tai ilipoondoka usawa uliingia. Katika meli hizo hizo za Cunard, abiria wa vyumba vya bei ya juu wana kumbi zao za kulia ambazo wengine hawaingii, na katika meli za MSC na Norwegian kuna sehemu zilizotengwa kabisa, zenye mlango wake, sitaha yake na mkahawa wake. Na juu ya hayo, karibu kila meli ina mikahawa ya ziada inayolipiwa mbali na nauli. Mpaka uliokuwa ukilindwa kwa koti sasa unalindwa kwa kadi ya malipo, nao haukupungua urefu.

Swali: Mwanangu aliyeko Marekani amenialika mimi na mama yake. Mimi sina suti, wala sina nia ya kuishona uzeeni. Je, nitaruhusiwa kuingia na shuka langu? (Mzee, Rombo)

Jibu: Utaruhusiwa, mzee wangu, tena kwa heshima. Kanuni za Cunard, ambazo ndizo kali kuliko za wengi, hulitaja vazi rasmi la taifa la mtu kuwa ni sawa na koti la jioni, kama vile Mskoti anavyoingia na sketi yake na mwanajeshi na sare yake. Basi Mswahili wa Lamu aliyevaa kanzu safi, joho na kilemba, na Mmaasai aliyejifunga shuka zake kwa lubega, hawaombi huruma ya mtu mlangoni.

Hata hivyo yapo mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza, vazi liwe lile ambalo wewe mwenyewe ungelivaa kwenye harusi ya mwanao au kikao cha wazee, yaani shuka jipya lililopigwa pasi, si lile ulilochungia. La pili, rungu na sime viache nyumbani, kwa kuwa walinzi wa bandarini hawatabagua baina ya sime ya heshima na kisu cha uhalifu, na vyote watavichukua. La tatu ni viatu: katika kumbi kuu, jioni, meli nyingi hazipendi mwanamume avae viatu vya wazi, kwa hiyo akala zako zifuatane na jozi ya viatu vya ngozi, au mwanao aiandikie kampuni mapema akaulize. Mama naye avae shanga zake zote bila hofu. Ila akiwa na ukosi mpana wa shanga, aketi mbali kidogo na ukingo wa meza, ukosi usije ukazama katika bakuli la supu, na kitambaa cha mezani akitandaze mapajani, asikifunge shingoni.

Swali: Nimesikia kwamba utaketishwa na watu usiowajua. Mtu mzima atakulaje mbele ya wageni? (Mama, Illasit)

Jibu: Mama, hiyo ni desturi ya zamani inayopungua. Katika kumbi kuu chakula cha jioni kilitolewa kwa zamu mbili, ya mapema na ya baadaye, na kila abiria alikuwa na meza yake, wenzake wale wale na mhudumu yule yule mpaka mwisho wa safari. Siku hizi meli nyingi humwachia abiria achague baina ya utaratibu huo na kuja saa atakayo, naye anaweza kuomba meza ya watu wawili.

Nasi Wamaasai tusiuone utaratibu huo kuwa wa ajabu, kwani morani wetu naye ana sheria za kula zilizo kali kuliko za nahodha yeyote: hanywi maziwa peke yake pasipo mwenzake wa rika, wala hali nyama iliyoonwa na wake wa watu. Kila kaumu imekiwekea chakula mipaka ili ijulikane nani ni mwenzako. Ukiketishwa na wageni, wasalimu, subiri wote waliopo mezani wapakuliwe ndipo uanze, na vijiko na uma vilivyopangwa tumia vya nje kwanza, ukielekea ndani kila sahani mpya ijapo. Ukikosea, hakuna atakayekufa.

Ila kuchelewa ni kosa halisi. Anayefika nusu saa baada ya wakati wake huwachelewesha wapishi na wahudumu ambao, baada ya zamu ya pili, wana meza za kutandika upya kabla ya kulala.

Swali: Na ile meza ya kujipakulia, ambako watu husimama foleni na sahani, ina adabu gani? (Mwanafunzi, Kitengela)

Jibu: Hapo ndipo adabu inapohitajika kuliko katika ukumbi wa vinara, maana makosa ya tai hayamwumizi mtu tumbo. Kuna kirusi kiitwacho norovirusi, chenye kuleta kutapika na kuhara, ambacho huenea upesi mahali watu wengi wanapogusa vijiko vya kupakulia vile vile. Na dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti haikiwezi sawasawa kama maji na sabuni. Kwa ajili hiyo meli zimeweka masinki mlangoni mwa kumbi hizo, na wahudumu wa kuwahimiza watu wanawe, wengine kwa kuimba. Na baada ya janga la Korona, katika meli kadhaa mhudumu ndiye anayekupakulia.

Mtoto wa pwani, aliyelelewa kuletewa birika na bakuli kabla ya mkono kugusa sinia, hana jipya la kujifunza hapa. Zaidi ya hayo: usitie mkono chomboni, usirudishe ulichokwisha kukichukua, usirudie na sahani iliyokwisha kutumika, na usiingie na nguo ya kuogelea iliyolowa.

Swali: Tukishuka bandarini tuvae nini? (Msomaji, Kajiado mjini)

Jibu: Ulegevu wa melini usishuke nawe ngazi. Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa ni miji ya Waislamu, na mgeni mwenye heshima hufunika mabega na magoti, hata kama mita 200 nyuma yake abiria wenzake wamelala juani nusu uchi. Leso moja mkobani humtosha mama. Tena katika visiwa vya Karibi kama Jamaica na Barbados, nguo za madoadoa ya kijeshi ni marufuku kwa raia, hata kwa mtoto mdogo.

Swali: Binti yangu anataka kazi ya kuhudumu melini, na wakala anadai fedha nyingi kwanza. Je, nimlipe? (Baba, Rombo)

Jibu: Usimlipe. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, umekataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama zinazoweza kumwangukia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, ilhali visa ni juu ya mwenye meli. Mkataba huo huo umeweka mpaka wa saa 14 za kazi kwa siku na saa 72 kwa siku saba, na mhudumu wa meza huifikia mipaka hiyo upesi. Mafunzo yapo Bandari Maritime Academy, Mombasa, nami ningependa binti aanzie huko.

Na kwa kuwa swali hili limekuja la mwisho, wazee watakaosafiri nawaambia hivi: kampuni nyingi za Kimarekani hukata bakshishi ya wahudumu moja kwa moja, takriban dola 16 hadi 20 kwa kila abiria kwa siku, na wapo abiria waliovaa vizuri mno ambao siku ya mwisho hupanga foleni kwenye dawati la mapokezi kwenda kuiondoa. Mwenye koti jeusi akifanya hivyo hana adabu. Na mwenye shuka aliyemwita mhudumu kwa jina lake, akamshukuru, akamwachia haki yake, ametimiza kila kanuni ambayo mimi naijua.